Nchi ikichafuka: Jinsi ya kutulia, kuilinda familia na kuishi na jirani

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, mamilioni ya Wakenya walikuwa wameketi karibu na redio zao. Matokeo ya urais yalitangazwa, na rais akaapishwa jioni hiyo hiyo. Usiku haukupita kabla ya nyumba kuanza kuchomwa katika sehemu kadhaa za nchi. Vurugu hizo ziliendelea kwa takriban miezi miwili. Tume iliyochunguza mambo hayo baadaye, iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha. Mamia ya maelfu walihama makwao.

Wengi wa waliohama walikuwa wakulima. Mahindi ya msimu yalikuwa yamekwisha kuvunwa, yakiwa ghalani au kwenye magunia. Yaliyoteketea na nyumba yalikuwa chakula cha mwaka mzima na karo ya watoto. Mvua ya masika ilipofika, maelfu ya watu walikuwa bado kambini, mbali na mashamba yao.

Tunaandika makala haya kwa msikilizaji wetu wa kijijini ambaye huenda hatasikia mlio wa risasi hata mara moja maishani, lakini anaweza kuamka siku moja akute barabara imefungwa, duka halina unga, na simu imejaa ujumbe wa kutisha. Ufanye nini siku hiyo? Na ufanye nini sasa, kabla ya siku hiyo kufika?

Tutatumia zaidi mfano wa Kenya ya 2007 na 2008, kwa sababu umeandikwa na kuchunguzwa vizuri, na kwa sababu wengi wetu bado tunaukumbuka. Mafunzo yake yanafaa popote.

Kwanza: kutulia si kunyamaza

Watu wengine wakisikia neno "utulivu" hudhani wanaambiwa wakubali kuonewa. Sivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Mtu aliyetulia anaweza kudai haki yake vizuri zaidi kuliko mtu aliyepandwa na ghadhabu. Anaweza kuuliza maswali, kuandika barua, kwenda mahakamani, kuandamana na kurudi nyumbani.

Utulivu tunaozungumzia hapa ni uwezo wa kuamua wewe mwenyewe, badala ya hofu au hasira kukuamulia. Wahenga walisema hasira hasara, na hasara ya 2008 ilionekana kwa macho. Maduka yaliyochomwa ndiyo yaliyokuwa yakiuza chumvi na mafuta ya taa kwa kijiji kizima. Reli iliyong'olewa Kibera, Nairobi, ndiyo iliyokuwa ikisafirisha mizigo kutoka Mombasa, na mafuta yakapungua hadi Uganda na Rwanda.

Kwa nini hofu hutufanya tuharakishe

Mwili wa binadamu ukihisi hatari hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo hudunda kwa kasi, pumzi huwa fupi, mikono hutetemeka, tumbo husokota, mdomo hukauka. Hiyo si dalili ya woga wala udhaifu. Ni kazi ya kawaida ya mwili, na imeokoa maisha ya watu tangu zamani.

Tatizo ni kwamba mwili ukiwa katika hali hiyo, akili huona mambo kwa upande mmoja tu. Mtu husikia nusu ya habari na kuamini yote. Humwona jirani wa miaka ishirini kama adui. Ndiyo maana maamuzi mabaya mengi wakati wa vurugu hufanywa katika dakika chache za mwanzo.

Ukijisikia hivyo, jaribu haya:

- Kaa chini, weka nyayo zote mbili ardhini na uzisikie zimegusa udongo au sakafu.
- Vuta pumzi polepole puani ukihesabu hadi nne. Itoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tatu au nne.
- Taja kwa sauti ndogo vitu vitano unavyoviona mbele yako: mwembe, ndoo, kuku, jembe, mlango. Hii huirudisha akili mahali ulipo.
- Kisha fanya kazi ya mikono: pukuchua mahindi, chota maji, lisha ng'ombe. Kazi ya kawaida huupa mwili pa kutolea wasiwasi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kijitabu kwa ajili ya watu walio katika dhiki, na mazoezi yake ni ya namna hii hii: kurudisha mawazo mahali ulipo, kutambua hisia bila kutawaliwa nazo, na kufanya jambo dogo lenye manufaa. Hayahitaji fedha wala daktari. Sala, dua na nyimbo huwasaidia wengi pia.

Jihadhari na pombe na miraa siku hizo. Pombe huonekana kama inapoza moyo, lakini humwondolea mtu breki. Miraa nayo huondoa usingizi, na mtu asiyelala hukasirika upesi na hutishika upesi.

Uvumi hufika kabla ya vurugu

Mwaka 2007 hapakuwa na WhatsApp. Palikuwa na arafa, yaani ujumbe mfupi wa simu, na zilitosha. Ujumbe wa chuki na wa kutisha ulipita kutoka simu hadi simu: kabila fulani linakuja leo usiku, maji yametiwa sumu, fulani amepeleka silaha. Serikali nayo ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba, na pengo hilo likazidi kujazwa na uvumi.

Sisi wa redio hatuna usafi wa kujisifia katika jambo hili. Ripoti ya tume ya Waki ilitaja redio za lugha za mama miongoni mwa waliochochea chuki. Mtangazaji mmoja alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Kesi yake ilisitishwa mwaka 2016 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Nchini Rwanda mwaka 1994, kituo kimoja cha redio kilitumika kuchochea mauaji ya kimbari, na wakuu wake walihukumiwa. Kwa hiyo tunakuambia wazi: usituamini kwa sababu tu ni redio. Tupime kama unavyowapima wengine. Sikiliza vituo viwili au vitatu. Kituo kikianza kuwaita watu kwa majina ya wanyama, wadudu au magugu, kizime.

Ujumbe wa kutisha ukiingia kwenye simu yako, uliza maswali haya matano kabla ya kuugusa:

1. Nani aliyeona kwa macho yake? "Rafiki ya shemeji yangu" si shahidi.
2. Ni wapi hasa, na lini? Habari ya kweli ina kijiji, siku na saa. Uvumi husema "huko juu" na "jana".
3. Picha hii ni ya lini? Picha za vurugu za zamani, hata za nchi nyingine, hurudi kila msimu wa uchaguzi. Siku hizi kompyuta inaweza pia kutengeneza picha au sauti ya mtu asiyesema neno lolote.
4. Kuna mtu ninayemfahamu huko ambaye naweza kumpigia? Dakika moja ya simu inaweza kuzuia msiba.
5. Ujumbe unanitaka nifanye nini? Ukikuambia ukasirike, ukimbie au usambaze upesi, hapo ndipo pa kusimama.

Usipopata majibu, usiutume mbele. Ukiutuma ukiwa na maneno "sijui kama ni kweli", bado umeutuma. Mwenye kuupokea atakumbuka kitisho, atasahau shaka yako.

Kuna sheria pia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya vurugu hizo, inasema katika kifungu cha 13 kwamba anayechochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kufungwa jela hadi miaka mitatu, au yote mawili. Inawahusu wanasiasa jukwaani, na inamhusu pia anayeandika au kusambaza kwenye kundi la simu.

Jambo la mwisho kuhusu habari: jipangie saa za kuzisikiliza. Taarifa ya asubuhi na ya jioni zinatosha. Redio ikinguruma kutwa nzima, na simu ikiangaliwa kila dakika, mwili haupati nafasi ya kupoa, na betri inaisha siku ambayo utaihitaji zaidi.

Nyumba iliyojiandaa haitishiki upesi

Sehemu kubwa ya hofu hutoka kwenye swali moja: tutakula nini? Mwaka 2008, hata vijiji ambavyo havikuguswa na moto viliguswa na uhaba. Malori yalisimama, bei zikapanda, kadi za simu zikaadimika. M-Pesa ilikuwa imeanzishwa Machi 2007, haijafikisha mwaka, na baadhi ya watu waliitumia kuwatumia fedha jamaa waliokwama mijini. Leo karibu kila kijiji kina wakala, lakini wakala naye huishiwa na pesa taslimu, na mtandao hukatika.

Akiba haiozi. Jiandae hivi, kidogo kidogo, bila kununua kwa pupa na kuwaachia wengine duka tupu:

- Chakula cha wiki mbili: unga, maharagwe, chumvi, mafuta ya kupikia, sukari kidogo. Ukienda kusaga, saga debe moja la ziada na kulihifadhi pakavu.
- Maji: madumu safi yenye vifuniko, yajazwe kabla ya siku zenye wasiwasi. Kumbuka dawa ya kutibu maji.
- Dawa za kila siku: kama kuna mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifafa au pumu, au anayetumia dawa za virusi vya HIV, mwulize mhudumu wa afya mapema kama anaweza kupewa za kutosha. Mwanzoni mwa 2008 wagonjwa wengi katika Bonde la Ufa walishindwa kufika kliniki. Kukatiza dawa hizo kunaweza kuleta madhara makubwa.
- Pesa taslimu: kiasi kidogo, noti ndogo ndogo. Usiweke zote mahali pamoja.
- Karatasi muhimu: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hatimiliki ya shamba, kadi ya kliniki, vyeti vya shule. Zitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mahali unapoweza kuuchukua gizani. Zipige picha kwa simu na umtumie jamaa unayemwamini. Waliopoteza karatasi mwaka 2008 walipata taabu kuthibitisha kwamba shamba ni lao.
- Nambari za simu kwenye karatasi: simu ikizima au ikiibwa, wangapi unawakumbuka kwa kichwa? Kila mtoto mkubwa awe na karatasi yake.
- Chaja ya sola au betri za redio, na tochi.
- Mahali pa kukutana: kubalianeni sehemu mbili, moja karibu na nyumbani na nyingine mbali kidogo, kama familia itatawanyika.
- Mifugo: amua mapema nani ataiangalia, na itafunguliwa lini ikiwa lazima kuondoka. Ng'ombe aliyefungwa hawezi kujiokoa na moto.

Kina mama wajawazito walio karibu kujifungua wawe na mpango wao: nani atawasindikiza, kwa chombo gani, na mkunga au kituo kipi kilicho karibu zaidi ikiwa barabara kuu haipitiki.

Jirani ndiye ulinzi wako wa kwanza

Mapema miaka ya 1990, Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ilikumbwa na mapigano makali ya koo, yaliyoanza wakati wa ukame. Watu waliuawa, mifugo ikaibwa kwa maelfu, na soko likagawanyika. Wanawake wa ukoo mmoja walikataa kununua au kuuza kwa wanawake wa ukoo mwingine.

Wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, waliamua kuanzia hapo hapo sokoni. Waliwahimiza wenzao kwamba soko liwe la kila mtu, na wakaweka watu wa kufuatilia kila siku ili mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza maziwa yake bila kusumbuliwa. Kutoka hapo wakawashirikisha vijana na wazee wa koo. Mwaka 1993 wazee walikubaliana juu ya Tamko la Al Fatah, lililoweka kanuni za kurejesha amani. Kamati iliyotokana na kazi hiyo iliwaunganisha raia, viongozi wa dini na maafisa wa serikali, na mfano wake ukaigwa katika wilaya nyingine za Kenya.

Dekha Ibrahim Abdi alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007. Wiki chache baadaye Kenya nzima iliwaka, na yeye pamoja na wenzake wakaanzisha kundi la raia la kutafuta amani, wakati wanasiasa bado hawazungumzi. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Tunajifunza mambo matatu kutoka Wajir. Kwanza, hawakusubiri serikali ianze. Pili, walianza na jambo dogo ambalo kila upande ulilihitaji, yaani soko. Tatu, walifuatilia kila siku, kwa kuwa makubaliano yasiyofuatiliwa huvunjika kwa tukio moja tu.

Kijijini kwako mnaweza kufanya yafuatayo kabla mambo hayajaharibika:

- Wazee, viongozi wa dini, kina mama wa chama, vijana wa bodaboda na mwakilishi wa Nyumba Kumi wakae pamoja, wakiwemo watu wa kila kabila na kila chama cha siasa kilichopo.
- Chagueni watu wawili kutoka kila upande ambao uvumi wowote utaletwa kwao kwanza. Hao wawe na nambari za wenzao, na wapigiane hata saa nane usiku.
- Kubalianeni mambo yasiyoguswa: kisima, zahanati, shule, soko, mashine ya kusaga. Haya ni ya wote, ashinde nani uchaguzini.
- Wapeni vijana kazi ya kulinda, si ya kukaa na kungoja. Mara nyingi wanaotumwa kuchoma ni vijana, na wanaokufa ni wao.
- Mwenye maneno makali arekebishwe na watu wa upande wake. Onyo la ndugu husikika kuliko la mgeni.

Mwaka 2008, katikati ya ukatili mwingi, walikuwako watu waliowaficha majirani wa kabila jingine nyumbani mwao, wakiwalisha na kuwasindikiza usiku hadi mahali salama. Hawakuwa na mafunzo yoyote. Walikuwa tu wamezoeana nao kwa miaka. Ukimsaidia jirani kuvuna, ukienda matangani kwake, watoto wenu wakicheza pamoja, unajenga kitu ambacho ujumbe wa simu hauwezi kukibomoa kwa siku moja.

Vurugu zikifika kwako

Hakuna shamba wala ng'ombe mwenye thamani kuliko uhai. Ukiona dalili, kama watu wasiojulikana wakizunguka na kuuliza nani anaishi wapi, alama zikiwekwa kwenye milango, au majirani wakihama kimya kimya, mweleze chifu au polisi na uwaondoe mapema watoto, wazee na wagonjwa. Kuondoka mchana ukiwa na mfuko wako ni bora kuliko kukimbia usiku bila viatu.

- Usiende "kuona kuna nini". Wengi huumia wakitazama.
- Epuka njia zilizo na vizuizi. Ukikutana navyo, usibishane, ongea kwa upole, toa unachoombwa.
- Ukisikia risasi, lala chini kifudifudi, mbali na madirisha. Ukuta wa mabati au wa udongo mwembamba hauzuii risasi.
- Ukipatwa na moshi wa vitoa machozi, ondoka uende upande unakotoka upepo, usijifikiche macho, na uyaoshe kwa maji safi mengi.
- Mtu akitoka damu nyingi, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia, hadi msaada upatikane.
- Chagua pa kukimbilia kwa uangalifu. Wengi mwaka 2008 walipata hifadhi kwenye vituo vya polisi, makanisa na viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Nakuru. Lakini tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa limejaa watu, wengi wao wanawake na watoto. Mahali salama ni pale penye ulinzi na penye zaidi ya njia moja ya kutokea.

Dhuluma za kingono huongezeka wakati wa vurugu. Aliyebakwa, awe mwanamke, mwanamume au mtoto, hana kosa. Afike hospitali haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya HIV. Kuna pia dawa za kuzuia mimba ambazo hufanya kazi zikitumiwa mapema, ndani ya siku tano. Ikiwezekana asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa, kwani huo ni ushahidi. Lakini hata kama ameshaoga, au siku zimepita, bado aende.

Watoto wanasikia zaidi ya unavyodhani

Mtoto akiona wakubwa wananong'ona, hujitungia hadithi mbaya kuliko ukweli. Mwambie ukweli kwa maneno machache: "Kuna watu wanagombana mjini. Sisi tuko pamoja. Tukihitaji kuondoka, tutaondoka pamoja." Usimwahidi usichoweza kutimiza.

Mwachie utaratibu wake: saa ya kula, saa ya kulala, kazi ndogo za nyumbani, michezo. Mwondolee picha za damu kwenye simu. Mtoto anayeanza tena kukojoa kitandani, kulia usiku au kung'ang'ania nguo za mama hana ukorofi. Anaomba kuhakikishiwa usalama. Na chunga ulimi wako mbele yake. Chuki uliyomtia mtoto leo utamkuta nayo akiwa kijana.

Baada ya moto kuzimika

Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano ya kugawana madaraka, kwa usuluhishi ulioongozwa na Kofi Annan. Viongozi walipeana mikono kwa dakika chache. Vijijini ilichukua miaka, na kuna waliokataa kabisa kurudi.

Kama unataka kumsaidia aliyepatwa, kuna njia rahisi iliyoelezwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake wa mwaka 2011: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama, kama ameumia, kama amekula. Sikiliza bila kumlazimisha asimulie na bila kumwambia "wenzako waliumia zaidi". Unganisha na jamaa zake, chakula, matibabu au ofisi inayoweza kumsaidia. Bakuli la uji na mtu wa kukaa naye ni msaada mkubwa kuliko hotuba.

Ndoto mbaya, kushtuka kwa kelele, huzuni na hasira ni mambo ya kawaida katika wiki za kwanza. Wengi hupona polepole wakiwa na watu wao, wakirudia kazi na kupata usingizi. Lakini yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au mtu akishindwa kufanya kazi, akizidisha pombe, au akisema afadhali afe, apelekwe kituo cha afya. Hayo ni maradhi yanayotibika. Hakurogwa, wala hana wazimu.

Anza pia na kilicho karibu kuinuka: bustani ya sukumawiki inayovunwa baada ya wiki chache, kuku wawili, mchango wa chama. Mkono ukishika jembe tena, moyo nao hupata mahali pa kushika.

Nambari za kuandika kwenye karatasi yako (Kenya)

- Polisi na dharura: 999 au 112
- Shirika la Msalaba Mwekundu, kwa huduma za dharura na ushauri nasaha: 1199
- Msaada kwa watoto: 116
- Dhuluma za kijinsia: 1195

Msikilizaji aliye nje ya Kenya amwulize mhudumu wa afya au mwenyekiti wa kijiji nambari za nchi yake.

Katiba inaweka uchaguzi mkuu ujao wa Kenya tarehe 10 Agosti 2027. Huhitaji kuungojea. Wiki hii fanya mambo mawili tu: weka karatasi zako muhimu kwenye mfuko mmoja, na umtembelee jirani mmoja ambaye hampigi kura pamoja. Umwombe nambari yake ya simu, umpe yako. Siku ujumbe wa kutisha ukiingia, mtakuwa na mtu wa kumwuliza.